Leso, mchanga au donge la unga? Njia tatu za kuonyesha jinsi milima inavyojikunja, kupasuka na kujipinda

Kengele ilikuwa karibu kulia mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliponyosha mkono. Ubaoni nilikuwa nimechora India ikisukuma Asia kuelekea kaskazini, na pale zinapokutana nikaichora Himalaya. "Mwalimu," akauliza, "kama India inasukuma kwenda kaskazini, mbona tumbo la milima limetokeza kusini? Na mbona haikusimama safu moja iliyonyooka?"

Nilimjibu kwa maneno, tena mengi, nikaona usoni mwake kwamba hayajamfikia. Swali lake lilikuwa bora kuliko mchoro wangu. Tumezoea kufundisha kwamba matabaka ya miamba yakisukumwa hujikunja, yakizidiwa hupasuka, basi. Hatusemi kwa nini Himalaya, yenye urefu wa kilomita 2,400 hivi, ina umbo la upinde, wala kwa nini Milima ya Andes inageuka ghafla pale Peru inapopakana na Chile.

Sisi wa Malindi tuna ugumu wa ziada: hatuna mlima wa kuonyesha kwa kidole. Jiwe letu la kujengea ni matumbawe ya kale, na limelala kama lilivyolala. Nyari kule Marafa, ambako wageni hupelekwa kutazama kuta nyekundu na nyeupe zikibadilika rangi jua linapotua, ni kazi ya mvua na upepo vilivyochimba mchanga uliogandamana. Hakuna mkunjo pale, ingawa mara kwa mara nasahihisha karatasi inayodai upo. Kwetu, mlima sharti uletwe darasani.

Tangu siku ile nimejaribu njia tatu za kuuleta: leso, sanduku la mchanga, na donge la unga. Wenzangu huniuliza ipi wachukue. Jibu linategemea unataka mwanafunzi aone nini, kwa hiyo tuanze na vipimo.

Vipimo nilivyotumia

Kwanza, mkunjo: je, mwanafunzi ataona tabaka likiinuka kuwa mgongo na kushuka kuwa bonde bila kukatika? Pili, ufa: ataona miamba ikikatika na upande mmoja ukihama? Kuna nyufa za aina tatu za kutafuta. Uko ufa wa kuvutana, ambapo kipande huporomoka, kama kwenye Bonde la Ufa. Uko wa kusukumana, ambapo kipande hupanda juu ya mwenzake. Uko na ule ambao vipande hupishana ubavu kwa ubavu. Tatu, tao: je, atajua safu imepinda kwa sababu gani? Nne, vifaa na muda. Tano, njia yenyewe inapotosha wapi, maana hakuna kitambaa wala mchanga ulio sawa na mwamba wa unene wa kilomita kadhaa uliosukumwa kwa mamilioni ya miaka.

Kipimo cha tatu ndicho kinachonishughulisha zaidi, na ndicho vitabu hukiruka. Safu ya milima inaweza kupata tao kwa njia tatu. Iko iliyozaliwa nalo: ukingo uliosukuma, au sakafu iliyosukumiwa, ulikuwa na umbo hilo tangu mwanzo. Iko iliyokua nalo: sehemu ya kati ilibanwa zaidi au ilisonga mbele zaidi kuliko ncha, tao likaongezeka kadiri mlima ulivyoinuka. Na iko iliyopinda ukubwani: ilisimama imenyooka, kisha nguvu nyingine ikaja ikaikunja kama mtu anavyokunja fimbo mbichi. Mwaka 1955 mwanajiolojia wa Australia, Samuel Warren Carey, aliipa hii ya mwisho jina la orokilini, kutokana na maneno ya Kigiriki ya mlima na kupinda.

Ukizitazama kutoka angani, zote tatu zinafanana. Ndiyo maana inafaa kuchagua njia ya kufundishia kwa makini: ukichagua vibaya utamfundisha mtoto sababu moja, naye atadhani ndiyo pekee.

Leso

*Vifaa na muda.* Leso moja na meza. Dakika kumi zinatosha, na ikianguka chini unaiokota na kuendelea. Leso mpya ambayo haijaoshwa, ile yenye ugumu wa wanga, hutoa mikunjo mikubwa iliyosimama. Iliyozeeka kwa kufuliwa hutoa mikunjo midogo iliyolala. Usiitupe tofauti hiyo, ni somo lenyewe: tabaka nene na gumu hujikunja kwa mawimbi mapana, jembamba na laini kwa mawimbi ya karibu karibu. Ikunje leso mara mbili, kisha mara nne, usukume tena. Wanafunzi wapime kwa rula umbali kutoka mgongo mmoja hadi mwingine.

Njia hii ina heshima yake. Mwaka 1815 Sir James Hall wa Uskoti alichapisha habari za jaribio alilofanya kwa vitambaa vya kitani na sufu. Alivitandika mezani, juu yake akalaza mlango uliopandishiwa mizigo, kisha akagonga mbao kutoka pembeni mpaka vitambaa vikajikunja mawimbi kama yale aliyoyaona kwenye majabali ya pwani ya kwao. Mlango ule ulikuwa na maana kubwa. Bila uzito juu, kitambaa huinuka kuwa hema moja tupu. Chini ya uzito, kinalazimika kujikunja mara nyingi. Mimi hulaza ubao wa kuchorea na vitabu vinne juu yake.

*Mkunjo.* Hapa leso haina mpinzani. Hata aliyeketi nyuma kabisa anaona.

*Ufa.* Hauonekani. Kitambaa hakikatiki, na kikichanika hakichaniki kama mwamba.

*Tao.* Hapa leso ina faida ambayo nyenzo nyingine hazina: pindo. Ule mstari ulionyooka unaozunguka mji ni rula iliyochapishwa tayari. Tandika leso, sukuma kwa mkono mzima uliolazwa, kuanzia kiwiko hadi vidole; mikunjo inakuja imenyooka, na pindo la mbele linabaki limenyooka. Ifungue, sukuma tena kwa ngumi moja katikati. Mikunjo inajipanga kwa upinde kuizunguka ngumi, pindo nalo linatokeza tumbo mbele huku pembe zikibaki nyuma.

Hilo ndilo tao la kukua nalo. Andes ya kati ni mfano wake. Karibu na Arica, kwenye nyuzi 18 kusini mwa ikweta, pwani na milima hugeuka pamoja, na upande wa Bolivia safu imetokeza kuelekea mashariki. Sehemu ya kati ilibanwa na kusukumwa mashariki zaidi ya ncha zake, na miamba ya upande wa Peru ikazungushwa kinyume na mwendo wa saa huku ya upande wa Chile ikizungushwa kwa mwendo wa saa. Kwenye leso utaona jambo hilo hilo ukichora msalaba mdogo kwa chaki kila upande wa ngumi kabla ya kusukuma.

*Inapopotosha.* Mkunjo wa leso una hewa ndani. Mwanafunzi huenda nyumbani akiamini kwamba chini ya mlima kuna pango refu, na nimeyasoma hayo kwenye majibu ya mtihani. Mwambie mapema kwamba katika mwamba kila mgongo umejaa tabaka lililo chini yake. Tena leso inaonyesha sura ya juu tu. Huwezi kuikata ukatazama ubavu.

*Inamfaa* mwenye darasa kubwa na kipindi kimoja cha dakika 40, na mzazi anayetaka kumwonyesha mtoto jambo hili jioni moja nyumbani.

Sanduku la mchanga

*Vifaa na muda.* Hapa ndipo pana kazi. Unahitaji sanduku la mbao la urefu wa sentimita 60 hivi na upana wa 20, ubavu mmoja ukiwa kioo (kipande cha dirisha kuukuu kinatosha, ila fundi akipige msasa kingo zisikate mikono), na ubao wa kusukumia unaoenea upana wa sanduku. Mchanga tunao wa rangi mbili bila kununua: wa kahawia unaoletwa na Mto Sabaki kutoka bara na kutapakaa kuanzia Mambrui hadi ufuko wetu, na mweupe wa Watamu, ambao ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Ukiupanga kwa zamu, kahawia, nyeupe, kahawia, nyeupe, tabaka la sentimita moja moja, unapata miamba yenye mistari.

Lakini mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Mchanga unaonata husimama wima kama kuta za Nyari, wala hautelezi kama unavyotakiwa. Uoshe kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi mara mbili, uanike siku nzima, uuchekeche. Msimu wa kusi fanya jaribio ndani, maana upepo utachukua tabaka la juu kabla hujamaliza kulisawazisha. Kwa jumla tenga siku mbili za maandalizi na kipindi maradufu cha somo.

*Mkunjo.* Unaonekana kidogo tu. Mistari huinama karibu na mahali panapokatika, lakini mchanga mkavu ni mpasukaji kuliko mkunjaji.

*Ufa.* Hapa nataka kukaa. Sukuma ubao taratibu, kidole kwa kidole. Kwa muda mfupi mchanga unajikaza tu. Kisha, kwa ghafla inayowafanya wanafunzi wote wainuke vitini, mstari unakatika kwa mshazari na kipande cha mchanga kinapanda juu ya mwenzake. Pima pembe ya ufa kupitia kioo: itakaribia nyuzi 30 kutoka sakafuni. Endelea kusukuma. Ufa wa kwanza unachoka, na wa pili unazaliwa mbele yake, kisha wa tatu mbele zaidi, kila kipande kikiegemea kilichotangulia kama makuti yanavyopandiana juu ya paa. Mrundo mzima unapata umbo la kabari: nene upande wa ubao, nyembamba mbele.

Henry Cadell, aliyekuwa akipima miamba ya kaskazini magharibi mwa Uskoti, aliyaona mambo haya mwishoni mwa miaka ya 1880 alipojaza sanduku kwa mchanga, udongo na plasta na kuvisukuma upande mmoja. Milima aliyokuwa akiichora kule ilikuwa na miamba mikongwe imepanda juu ya michanga, jambo lililowasumbua watu kwa miaka mingi. Sanduku lilionyesha linavyowezekana.

Sasa rudisha ubao nyuma, katika mchanga mpya. Badala ya kupanda, kipande kinaporomoka kati ya nyufa mbili zilizosimama zaidi, karibu nyuzi 60. Wanafunzi wangu hulitaja jina kabla sijauliza: Bonde la Ufa.

*Tao.* Mchanga unaonyesha njia mbili za kupata tao, na ya pili nimeipenda mno. Ya kwanza ni rahisi: ukisukuma kwa ubao uliochongwa mviringo badala ya ulionyooka, nyufa zinafuata mviringo huo. Hilo ni tao la kuzaliwa nalo.

Ya pili ni sakafu. Tandika karatasi laini ya plastiki chini ya mchanga katikati ya sanduku, na karatasi ya msasa pande zote mbili. Sukuma kwa ubao ulionyooka kabisa. Juu ya plastiki mchanga unateleza na kwenda mbali; juu ya msasa unakwama na kurundikana karibu. Ukitazama kutoka juu utaona ulimi umetokeza katikati, safu imepinda, na ubao uliousukuma haukupinda hata kidogo. Katika dunia, mahali pa plastiki panashikwa na chumvi. Jura, kati ya Ufaransa na Uswisi, ilisonga ikiteleza juu ya matabaka ya chumvi na jasi, nayo ina umbo la mwezi mwandamo. Sehemu ya kusini ya Zagros huko Iran, palipo na chumvi ya Hormuz chini, imetokeza tao pana. Nikifika hapa huwatajia mashamba ya chumvi ya Gongoni. Mtoto aliyeona chumvi ile ikichotwa kwa sepetu hukubali upesi kwamba mwamba wa chumvi ni dhaifu kuliko jiwe.

Na lile swali la Himalaya? Sanduku ndilo lililonipa jibu la kuonyesha. Acha ubao usimame tuli, uwe Asia. Chini ya mchanga tandika karatasi ndefu inayopita kwenye upenyo ulioachwa chini ya ubao, kisha uivute polepole ipite upande wa pili. Karatasi ni India ikienda kaskazini na kuzama. Mchanga unaoletwa nayo unagonga ubao, unakatika, na vipande vinapandiana vikielekea kule karatasi inakotoka, yaani kusini. India inasukuma kaskazini, lakini vipande vya mlima vinapanda juu ya India kuelekea kusini. Ndiyo maana uso wa tumbo unatazama India. Ncha mbili za upinde, penye vilele vya Nanga Parbat (mita 8,126) magharibi na Namcha Barwa (mita 7,782) mashariki, ndizo pembe ambapo safu inageuka ghafla. Yule mwanafunzi alipoliona hili hakusema neno. Aliomba avute karatasi mwenyewe.

*Inapopotosha.* Mchanga hauna joto. Kilomita nyingi chini ya ardhi mwamba huwa moto na hutiririka polepole badala ya kukatika, na hilo hutaliona hapa. Kosa la pili: kila kitu kwenye sanduku hutokea kwa dakika chache, na mtoto hufikiri mlima uliruka juu siku moja. India na Asia zilianza kugongana yapata miaka milioni 50 iliyopita, na bado zinasukumana.

*Inamfaa* mwalimu mwenye chama cha jiografia au kikundi cha watu kumi na watano hivi, na mwanafunzi anayeandaa mradi wa maonyesho ya sayansi.

Donge la unga

*Vifaa na muda.* Kanda unga wa ngano kama wa chapati, lakini gumu kidogo, na chumvi ya kutosha ili usichache. Usitie hamira: donge la mahamri litafura usiku kucha na asubuhi matabaka yako yatakuwa yamehama. Gawa mafungu matatu. Moja uliache, moja ulitie manjano, moja maji ya kahawa nzito. Sukuma kila fungu liwe bapa, uyapange, yapumzike chini ya kitambaa chenye unyevu. Saa moja inatosha.

Naomba jambo moja. Ziko nyumba ambazo kilo ya unga ni chakula cha siku, na mtoto anayetoka huko hufadhaika kuona unga ukichezewa. Tumia uliokwisha kuingia wadudu, au udongo wa mfinyanzi ukiupata.

*Mkunjo.* Ukibana pande mbili, donge linajikunja na kunenepa kwenye kilele cha mkunjo huku likikondeka mabegani, kama miamba ya ndani sana inavyofanya. Kisha unakata kwa uzi uliokazwa na kuona ubavu: mistari mitatu ya rangi, imejaa, bila shimo la hewa. Huu ndio ushindi wake juu ya leso. Bailey Willis wa Marekani alifuata njia ya namna hii kabla ya mwaka 1893 alipotaka kuielewa Milima ya Appalachia; yeye alitumia nta iliyochanganywa na plasta na tapentaini, na juu akamwaga chembe za risasi ziwe uzito.

*Ufa.* Unapatikana kwa subira. Donge bichi halikatiki. Liache wazi likauke juu, kisha ulibane: ganda kavu linapasuka huku ndani pakijikunja. Kuona vyote viwili katika kipande kimoja, juu ufa na chini mkunjo, ni somo ambalo leso na mchanga haviwezi kulitoa.

*Tao.* Donge linaonyesha kile ambacho hizo nyingine mbili zinakwama: mlima uliopinda ukubwani. Tengeneza ufito wa unga wa urefu wa sentimita 30, ulionyooka. Chomeka njiti za kiberiti kumi juu yake, zote zikielekea mlangoni. Sasa kunja ufito uwe upinde. Njiti za katikati bado zinatazama mlango, za ncha moja zinatazama dirisha, za ncha nyingine zinatazama ubao. Upande wa nje wa upinde umepata mipasuko ya kuvutana, upande wa ndani umejikunyata.

Kisha tengeneza ufito wa pili, lakini uufinyange ukiwa upinde tangu mwanzo, na baadaye ndipo uchomeke njiti zote zielekee mlangoni. Weka fito mbili sambamba, uite mwanafunzi aliyekuwa nje, umuulize: upi ulipinda baada ya kuzaliwa? Anatazama njiti, anajua.

Wanajiolojia hufanya hivyo hasa. Ndani ya miamba mingi mna punje za madini ya chuma, kama magineti, ambazo hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia mwamba unapoganda au unapotuama. Ni dira ndogo ndogo zilizolala humo. Ukizipima kuzunguka tao na kukuta zote zinaelekea upande mmoja, mlima ulizaliwa na tao lake. Ukikuta zimetawanyika kama mbavu za kipepeo cha ukindu, mlima ulinyooka kwanza. Tao la Cantabria, kaskazini mwa Hispania, lilijulikana hivyo: dira zake zinaonyesha safu iliyonyooka ikakunjwa yapata miaka milioni 300 iliyopita, mpaka leo pande zake mbili zinakaribia kutazamana.

*Linapopotosha.* Mikono yako ndiyo nguvu, na mikono hufanya chochote. Mwanafunzi anaweza kuukunja ufito uwe fundo, jambo ambalo hakuna bamba la dunia, yaani kipande kikubwa cha ganda lake gumu, liwezalo. Mwulize kila mara: nguvu hii ingetoka wapi?

*Linamfaa* mwenye wanafunzi waliokwisha kuelewa mkunjo na ufa na sasa wanauliza kwa nini, pamoja na mwanafunzi anayejifunza peke yake mezani.

Mfano unaozikataa zote tatu

Kabla hujachagua, kumbuka milima yetu wenyewe. Tao la Mashariki, kuanzia Taita huku kwetu, kupitia Pare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa nchini Tanzania, lina jina la tao na umbo la tao. Lakini sura yake ya leo haikutokana na kusukumwa kama leso. Ni miamba mikongwe sana iliyoinuliwa kwa vipande kando ya nyufa, huku pembeni pakishuka. Ukiwa na sanduku, ule mchezo wa kurudisha ubao nyuma utakukaribia kuonyesha vipande hivyo. Leso na donge, hata kidogo. Usimwache mwanafunzi wa Pwani aamini kwamba kila safu iliyopinda ilikunjwa.

Kwa hali yako

Kama una wanafunzi sitini, ubao na kipindi kimoja, chukua leso, ngumi na pindo. Sema wazi kwamba mlima hauna hewa ndani, na uwaachie ufa kwa mchoro.

Kama mtihani unakaribia na darasa linachanganya ufa wa kusukumana na wa kuvutana, sanduku litakufaa hata bila maelezo ya tao. Dakika mbili za kioo zitaondoa utata huo. Ukikosa kioo, nyunyizia mchanga maji kwa upole baada ya kusukuma, ukate kwa kisu kipana. Ubavu utasimama muda wa kutosha kuuchora.

Kama swali lililoletwa ni la Himalaya, yaani uelekeo wa tumbo, vuta karatasi chini ya mchanga. Kwa Andes, leso na misalaba ya chaki. Kwa Jura au Zagros, plastiki na msasa. Kwa Hispania, njiti na unga. Na kama mfano ni Milima ya Cape, Afrika Kusini, ambayo tawi lake moja linaelekea kaskazini kupitia Cederberg na jingine mashariki kupitia Swartberg, yakikutana karibu na Worcester, tandika leso na usukume kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Mikunjo ya pande zote mbili hugombania kona, na pale kwenye kona inavurugika na kubadili mwelekeo.

Kama wewe ni mwanafunzi uko nyumbani na huna mwalimu, anza na unga, kwa sababu unaweza kuukata na kujisahihisha. Omba leso jioni. Sanduku lisubiri likizo, mpate kuwa watatu au wanne, mmoja wa kusukuma, mmoja wa kupima pembe, mmoja wa kuchora, na mchanga muende kuuchota mapema maji yakiwa yamekupwa.